Nyumba ya Kiberiti ya Scolastica

Jamani, mmewahi kuona mtoto anaiba nyumba mchana kweupe, darasani, mbele ya kamera?

Mimi nimeona. Nilimrekodi mwenyewe, nikamrusha mtandaoni, watu wakacheka mpaka basi.

Aibu yake naila mpaka leo.

Naitwa Madam Agatha. Kwetu Mbulu, ila tangu Januari nafundisha darasa la tano shule moja ya msingi huku Balangdalalu, Hanang.

Niko kwenye group la WhatsApp la walimu, linaitwa Tufundishane. Msilidharau, limenitoa mbali. Mwalimu wa mkoa mwingine anatuma video anavyofundisha hesabu za sehemu kwa maharage, na wewe kesho unafanya hivyo hivyo, watoto wanaelewa.

Shida ilianza nilipoonja sifa. Ukituma video unajaziwa makopa, unaambiwa mbunifu. Ukiipeleka TikTok ndiyo usiseme. Sifa tamu, we acha tu.

Siku hiyo somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Groupini nilikuwa nimeona mbinu moja kali: unarundika udongo kwenye sinia uwe mlima, chini unapanga maboksi ya viberiti yawe nyumba, halafu unamwaga maji kutoka juu.

Nikaegesha simu dirishani, nikabonyeza.

"Haya, angalieni, mvua inanyesha mlimani!"

Nikainua jagi. Darasa zima likanyoosha shingo. Moyoni nikasema, leo nimewakamata.

Mara Scolastica, anayekaa dawati la dirishani, akaja mbele mbio. Akachomoa kiboksi kimoja, akarudi nacho kwenye dawati, akakikumbatia.

"We Scolastica! Rudisha nyumba ya watu!"

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini mimi nilikuwa napiga kelele, sikusikia kitu.

"Mwizi wa nyumba wewe! Unatuharibia somo!"

Hapo wenzake wakacheka. Nikamwaga maji. Tope likavizoa viboksi vyote, kasoro kile cha Scolastica.

Jioni nikaiediti. Nikafuta sauti, nikaweka muziki na vicheko, juu nikaandika: MWIZI WA NYUMBA AKAMATWA. Groupini wakalipuka. "Madam umetisha!" TikTok ikakimbia kama moto wa nyasi kavu.

Kesho yake Scolastica hakuja shule. Keshokutwa pia hakuja. Nikajiambia labda mafua.

Siku ya mnada, mama mmoja akaingia ofisini, kitenge kimejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ni Letisia, mama mdogo wa Scolastica. Anaishi kwangu. Nimetoka mnadani sasa hivi, vijana wanapeana simu wanacheka. Nikachungulia. Nikaona ni mtoto wangu."

Nikaanza kujiumauma. "Mama, ile ni mbinu ya kufundishia, walimu siku hizi tunajifunza mtandaoni, sasa..."

"Sijaja kugombana, mwalimu. Unayo ile isiyo na muziki?"

"Ninayo. Kwani vipi?"

"Mdomo wake unasema kitu. Nataka kusikia anasema nini."

Nikaifungua ile yenyewe. Mwanzo ni mimi tu nafoka. Aibu gani hii, kumbe ndivyo ninavyosikika? Halafu, kwa kuwa simu ilikuwa jirani na dawati lake, ikasikika sauti ndogo:

"Madam, subiri kwanza. Mama yumo ndani."

Mama Letisia akakaa chini kwenye sakafu. Kiti kilikuwepo, hakukiona.

"Dada yangu alikuwa anaishi Jorodom, pale Katesh chini ya mlima," akasema. "Siku mlima uliposhuka, huyu mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake. Tangu nimchukue hajawahi kumtaja mama yake hata mara moja. Leo ndiyo namsikia."

Nani asiyeyajua maporomoko ya Hanang? Ile Desemba ya 2023 hata mimi nilichanga nguo. Na nilijua kabisa Scolastica amehamia kutoka Katesh. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilijua siku za kuposti, mtoto wangu wa darasani sikumjua.

Yaani mama yake alizolewa na tope, mimi nikamletea tope lile lile kwenye sinia, nikamwita mwizi kwa kumwokoa mama yake. Kisha nikaweka vicheko.

Nikaifuta video. Groupini nikaandika ukweli wote bila kujitetea. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Walioipakua walikuwa wameshaipakua, na huko mnadani iliendelea kutembea.

Nikaongozana na Mama Letisia mpaka nyumbani. Scolastica alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Scolastica, nimekuja kukuomba msamaha. Nilikukosea sana."

"Sawa, madam."

Akaendelea na mahindi yake. Ni "sawa" ile ile anayonijibu nikimtuma chaki. Bora angenitukana.

Jumatatu akarudi shule. Nikamshukuru Mungu, nikasema basi, yameisha.

Katikati ya kipindi nikatoa simu mfukoni, niangalie saa tu.

Darasa zima likalala kwenye madawati. Wengine wakajifunika kwa madaftari. Hakuna aliyewaamrisha, walikuwa wananikimbia mimi.

Scolastica peke yake hakujificha. Alikuwa amemziba uso mwenzake wa pembeni kwa viganja vyake viwili, huku ananiangalia.

Sikuweza kuendelea na kipindi. Nilitoka nje nikalia ukutani kama mtoto.

Walimu wenzangu, tuendelee kufundishana mitandaoni, mimi mwenyewe bado nimo na bado najifunza. Ila mtoto wa mwenzio si zana ya kufundishia. Muulize kwanza ametoka wapi, na akikuambia subiri, subiri.