Namba Nilizoyapa Maji Taka

Mara ya kwanza kufanya mtihani wa udhibiti wa mitambo nilipata kumi na nane kwa mia. Nyumbani nilisema mtihani ulikuwa wa kuonea watu. Mume wangu, seremala asiye na makuu, aliuliza kama wenzangu nao walionewa. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa kemikali, na mama wa mabinti pacha waliokuwa darasa la sita. Chuoni wote waliniita Mama Pacha, hata mwalimu wa somo hilo, ambaye kwa umri wake ningeweza kumtuma dukani. Yeye tulimwita Kitanzi. Kila kipindi alianza kwa kuchora duara ubaoni: pima, linganisha na unachokitaka, sahihisha, kisha pima tena. Duara hilo aliliita kitanzi, na matokeo yalipotoka tukaona jina limestahili, maana theluthi ya darasa ilinyongwa.

Kwa maneno nililielewa somo vizuri sana. Niliweza kumweleza hata jirani, na nilimweleza, ingawa hakuniomba. Hesabu zake ndizo zilizokuwa zinanikimbia.

Kabla ya chuo nilikuwa naosha chupa kwenye maabara ya kiwanda cha sabuni. Nilizisugua miaka minane. Wahandisi walikuwa wanapita dirishani na kofia zao ngumu bila kunitazama, na mimi nikiwa na povu hadi viwikoni nikajiapiza kwamba siku moja nitapita pale na kofia yangu, nami nisimsalimie mtu. Wengine huenda chuo kutafuta elimu. Mimi nilikwenda kutafuta kofia.

Basi nilipopangiwa wiki kumi za mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda kilekile, niliona dunia imenyooka. Siku ya kwanza nikapita mbele ya maabara bila kumsalimia mtu. Kofia ilikuwa kubwa, ikaniteremkia machoni, nikapiga teke ndoo ya mfagiaji. Yeye ndiye aliyenisalimia.

Nilipelekwa nyuma ya kiwanda, kwenye tangi la maji taka. Maji yanayotoka kwenye sabuni huwa yamejaa magadi makali, na hayaruhusiwi kwenda kwenye bomba la mji mpaka yatulizwe kwa asidi. Kuna mita inayoonyesha namba: kumi na mbili ni magadi matupu, tatu ni asidi inayounguza, na saba ndiyo katikati inayotakiwa. Msimamizi wa tangi alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyeishia darasa la saba.

Alikuwa anafanya kazi ile kwa mkono. Kila asubuhi aliutoa majini ufito wa mita, ule unaopima, akausugua kwa mswaki, akaurudisha. Kisha akafungua vali ya asidi kidogo, akaiacha, akaenda kusuuza kikombe chake cha chai. Akarudi, akatazama namba, akaongeza kidogo tena.

Nilimtazama siku tatu, nikamhurumia.

"Shemeji," nikamwambia, "hapo ukutani pana kidhibiti cha kufanya haya yote chenyewe. Kwa nini kimezimwa?"

"Kilikuja na namba za kiwandani kwao, shemeji. Kikawa kinahangaika tu. Tukakipumzisha."

"Kinahitaji mtu wa kukipangia namba."

"Na wewe unazijua?"

Nikamwonyesha daftari. Lilikuwa na kurasa nne za hesabu, kwa kalamu za rangi mbili.

Alilitazama kwa heshima. "Sawa. Lakini haya maji yana usingizi, shemeji. Ukiyaita yanachelewa kuitika. Usiyaite mara mbili."

Nilicheka. Nikamwambia lugha ya kitaalamu ya jambo hilo ni muda mfu, kana kwamba nikilitaja jina nimelimaliza. Na kwa kuwa lilikuwa jaribio la kisayansi, nikamkataza kugusa chochote asubuhi hiyo, pamoja na ule mswaki.

Saa tatu nikakiwasha. Mita ikasema kumi na mbili. Kidhibiti kikafungua asidi. Mita ikabaki kumi na mbili. Nikangoja kidogo, nikaona kidhibiti kimelegea, nikapandisha ile namba inayoamua kiitikie kosa kwa nguvu kiasi gani. Asidi ikamiminika. Bado kumi na mbili. Nikapandisha tena.

Kisha mita ikaporomoka kama imekatwa kamba: tisa, sita, tatu. Kidhibiti kikashtuka, kikaiwasha pampu ya magadi kuokoa hali. Mita ikakaa tatu, nikaongeza nguvu, ikaruka hadi kumi na mbili. Tukaanza upya. Nikawa nazungusha vitufe kama mtu anayetafuta kituo cha redio.

"Shemeji," akasema, "kizime."

"Kinakaribia kutulia."

Kufika saa sita mchana pipa la asidi la wiki nzima lilikuwa tupu. Tangi lenyewe, lililokuwa linapokea asidi na magadi kwa zamu, lilijaa mpaka ukingoni, na maji yake yalikuwa kumi na mbili vilevile. Maji mapya kutoka kwenye sabuni yakakosa pa kwenda. Kiwanda kizima kikasimamishwa.

Meneja alikuja mwenyewe, mama mfupi anayeongea kwa sauti ya chini. Aliangalia tangi, akauliza nani amefanya hivi.

"Tulikuwa tunajaribu kitu, bosi," shemeji akasema.

"Mlikuwa nani?"

Akasogea mbele ya kidhibiti. "Mimi."

Nami, msomi, mama wa watoto wawili ninaowafundisha kusema kweli, niliinamia viatu vyangu na kuona kamba moja imelegea. Nikaifunga. Nilipoinuka, shemeji alikuwa ameshasimamishwa kazi siku tatu.

Jioni alikuja kula kwetu kama kawaida. Aliwasaidia mapacha hesabu za sehemu, akamsifia mume wangu stuli mpya. Mara moja tu aliniambia, "Mbona huli, shemeji?"

Asubuhi yake nikaenda kwa meneja kabla sijavaa kofia. Nikasema yote, pamoja na kamba ya kiatu.

"Najua," akasema. "Kile kidhibiti kinaandika kila namba inayobadilishwa na saa yake. Shemeji yako hajawahi kukigusa. Nilitaka kuona itakuchukua muda gani." Akatazama saa ya ukutani. "Saa ishirini. Kwa mtu mzima ni nyingi."

Shemeji akarudishwa siku ileile. Mimi nikapewa kiti cha plastiki kando ya tangi, saa na daftari, na amri ya kukaa wiki mbili bila kugusa kitu. Niandike tu ninachokiona.

Nilichokiona ni hiki. Ufito ukiwa umesuguliwa, tangu asidi ifunguliwe hadi mita icheze ni sekunde arobaini. Ukiachwa siku moja, mafuta ya sabuni yanaugandia, na inakuwa karibu dakika nne. Siku ya jaribio langu nilikuwa naongeza asidi kila nusu dakika kwa kufuata habari za dakika nne nyuma. Na muda ambao shemeji alitumia kusuuza kikombe, nilipoupima, ulikuwa kama dakika moja na nusu, asubuhi baada ya asubuhi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mwanzoni nilikuwa nachungulia kila mara, nikaharibu sana. Nikaona bora nijipe kazi nyingine."

Mtihani wa marudio nilipata hamsini na mbili. Kitanzi aliniandikia pembeni, "Hesabu bado, lakini grafu umeichora kama mtu aliyeiona kwa macho." Mapacha waliuliza kama hamsini na mbili ni nyingi. Baba yao akawaambia inategemea na mtu.

Sasa nimeajiriwa kwenye kiwanda cha rangi. Wiki ya kwanza nilikaa mbele ya mtambo wa kuchanganyia siku nne, naandika tu. Siku ya nne nilisikia msimamizi akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu mama mpya inaonekana hajui kazi. Sikubisha. Nilimwomba anivumilie hadi Ijumaa, nikageuza ukurasa.