Asubuhi Zile Jikoni kwa Bi Mwanaidi

Ipo siku moja naikumbuka kila mara, mwanangu Zuhura, na leo imenirudia uliponiaga kwamba unakwenda Dar kuwahoji watu wanaotengeneza filamu na tamthilia. Umenionyesha orodha ya watu utakaozungumza nao. Nimeisoma mara mbili. Wakubwa watupu. Ndiyo maana nimekuchelewesha basi la asubuhi likakupita. Utapanda la mchana, Kibiti hapa mabasi hayakatiki. Kaa kwanza.

Nilikuwa na umri kama wako, nipo chuoni, na kazi niliyopewa ilikuwa kama hii yako. Enzi hizo filamu ziliuzwa kwenye kanda. Kundi moja kutoka Dar lilikuja kuweka kambi hapa Kibiti, kila siku linashuka mtoni, kule kwenye delta, kupiga picha. Nikaomba nikae nao wiki tatu niandike jinsi filamu inavyotengenezwa. Walinikubalia upesi mno, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka, ila sikuwa na akili hiyo bado.

Mwongozaji wao alikuwa mtu wa maneno. Nilimhoji saa mbili nzima, kinasa sauti kiko mezani. Nikamuuliza hadithi ya filamu aliitoa wapi. Akasema aliitunga mwenyewe alipokuwa anamuuguza mama yake, akatoa leso, akajifuta machozi. Mimi nami machozi yakanilenga. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kila mwandishi wa gazeti aliyemfuata alipewa maelezo hayohayo, na leso ilitoka palepale.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda mtoni, waigizaji walikuwa wamechuchumaa jikoni kwa Bi Mwanaidi, mama mmoja wa kijiji cha Mbwara aliyekuwa akiwapikia. Nikadhani wanangoja vitumbua. Tulifundishwa kuandika kila tunachokiona, basi nikaandika kwenye daftari: waigizaji wote jikoni. Nilimwamkia Bi Mwanaidi, nikapita. Mpishi, nilijiambia, ana lipi la kunieleza kuhusu filamu?

Nikaandika ripoti kwamba hadithi ni ya mwongozaji, nikampelekea nakala kwa adabu. Chuoni walinisifu, nami kichwa kikavimba.

Mwaka haukuisha, Bi Mwanaidi akaja nyumbani kwa mama yangu. Nikampa shikamoo, akaitika, lakini mkeka niliomtandikia hakuukalia. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa. Ulikuwa ukurasa wa ripoti yangu.

"Haya maneno ni yako, binti?"

"Ni yangu, Bi Mwanaidi."

"Hadithi ile ni ya kwangu. Wale watoto hawakuwa na karatasi yoyote. Kila kukicha wanakuja jikoni, nawaambia leo wewe utasema hivi, na wewe utamjibu hivi. Nimesikia wanatengeneza sehemu ya pili, nikamfuata yule bwana. Sikutaka hela yake. Nilitaka jina langu liandikwe kwenye ganda la kanda, wanangu walione. Akaitoa hii mbele za watu, akasema hata chuo kimeandika, akanitupia. Nikaonekana mwongo."

Akaikunja tena karatasi ile.

"Ulinipita kila asubuhi," akasema. "Ungekaa siku moja tu."

Nitakuambia jambo la aibu, mwanangu. Hata hapo nilimshuku yeye, si ripoti yangu. Nikamtafuta mwigizaji mmoja, nikamkuta peke yake, na wala sikumwambia nimesikia nini. Nikamuuliza tu zile asubuhi walikuwa wakifanya nini jikoni. Akacheka. "Tulikuwa tunachukua maneno ya kusema, dada. Vitumbua vilikuwa nyongeza."

Nikarudi kwenye daftari langu. Siku baada ya siku, kwa mwandiko wangu mwenyewe: waigizaji wote jikoni. Halafu nikafika kwenye siku ambayo Bi Mwanaidi alikwenda kwao Mbwara kwenye msiba. Chini yake nimeandika: leo hawakupiga picha, sababu haijulikani. Nililia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kutoa leso.

Nikaandika upya. Nikaenda Mbwara, nikamsomea Bi Mwanaidi ripoti yote. Sehemu ya pili ilikuwa imeshaingia madukani na jina ni lilelile la bwana yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niiache karatasi pale chini. Wajukuu zake wananiambia hakuwasimulia hadithi tena mpaka Mungu alipomchukua. Wakimwomba, aliwajibu, "Nendeni kwa aliyetunga."

Basi, mwanangu, orodha yako ni nzuri, lakini wote waliomo wamezoea kuhojiwa, na majibu yao yako tayari kabla hujabisha hodi. Wasikilize, waandike, usiwameze wazimawazima. Mtu akikujibu kabla swali halijaisha, weka alama. Akilia, mpe pole, kisha kamuulize mwingine. Mtafute anayebeba taa, anayeshona nguo, anayewapakulia chakula. Na hao nao uwashuku vilevile, maana kila mtu anavutia kwake. Linganisha unachoambiwa na ulichokiona, na ukikuta umeandika "sababu haijulikani", usilale mpaka uijue. Simu yako itanasa sauti tu. Haitakuambia nani alikosekana siku ambayo kazi ilisimama. Na kabla hujampa mkubwa nakala, jiulize ataitumia juu ya nani.

Hata haya ninayokueleza, usiniamini mimi peke yangu. Mbwara si mbali, wajukuu wa Bi Mwanaidi wapo, kawaulize. Mimi ndiye niliyekosa, na mkosaji naye hupenda kujisafisha.

Haya, mizigo yako ichukue. Mola akulinde na maneno matamu ya watu na ya kwako mwenyewe, akupe masikio mapana, na kalamu yako isimnyang'anye mtu kilicho chake. Na huko utakakofika, kabla hujaingia ofisini kwa mkubwa, pitia jikoni. Waamkie. Halafu ukae.