Samaki wa Kwanza wa Fundi Chola

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kashikishi ufukweni mwa ziwa, nilikuta boti mpya ikishushwa majini. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mwajiri wetu, mfanyabiashara wa samaki tuliyemwita Bwana Mkubwa, alikuwa na karakana ya boti karibu na soko. Watu walimkalisha Fundi Chola, mjenzi wa boti ile, mbele kabisa, wakazunguka naye ziwani wakiimba jina lake. Wakatupa nyavu. Samaki wa kwanza, makobo mnene, akapelekwa nyumbani kwa Chola akiwa mzima, maana kichwa ndicho heshima yenyewe. Hiyo ilikuwa desturi yetu. Mimi niliyeajiriwa kupaka rangi na kuchora nikajisemea kwamba zamu yangu itafika.

Ninyi mnaochora vibao vya maduka siku hizi mnanunua rangi iliyokwisha kukorogwa, na ukuta wenu umenyooka. Sisi tulianza na rangi ya chini, ya kushibisha mbao zisije zikanywa ile ya juu. Kisha nilichora kwa mkaa. Sasa, ubavu wa boti hupinda kadiri unavyokwenda mbele, na ukimchora ndege kama alivyo, mtu wa ufukweni atamwona amejikunyata kama kuku aliyelowa. Lazima umvute shingo, umharibu kwa karibu ili apendeze kwa mbali. Nyeupe tupu nayo humezwa na jua la ziwani, kwa hiyo niliitia manjano kidogo. Hakuna aliyenifundisha hayo.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa nkwashi, yule tai mla samaki. Kapitao, msimamizi wetu, alipomwona alishika tumbo kwa kucheka.

“Ndege gani hii? Shingo murefu sana!”

“Kapitao, enda kule kwa maji, alafu angalia.”

Akaenda, akasimama, akatazama kwa muda. Aliporudi hakuwa akicheka tena.

“Maliza mbio,” akasema. “Chola anangoja bwato yake.”

Bwato yake! Boti ni ya Chola, na rangi yangu ilikuwa haijakauka bado.

Baadaye nilipelekwa Mwansabombwe kuchora mbele ya duka la Bwana Mkubwa, ambako meneja alinishukuru kwa kikombe cha chai, kisha akamsifu seremala wa milango mbele yangu. Kutoka huko nikatumwa Kilwa, kisiwa cha humohumo ziwani mwetu, kupaka upya boti zilizochakaa. Kule niliwaona akina mama wakisubiri samaki, macho ziwani. “Nkwashi anakuja!” wakapiga kelele, wakakimbia na vikapu vyao wakati boti yenyewe iko mbali bado. Moyo ulinijaa. Nikamuuliza mmoja, “Mama, unajua nani alichora ile nkwashi?”

“Ile bwato? Ni ya Fundi Chola,” akajibu, akanipita.

Nilimwonea Chola wivu, na sioni haya kusema. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa mtu mwema, akinisalimia “mukubwa wangu” kila asubuhi, hata nikakosa sababu ya kumchukia.

Halafu dhoruba ikaivunja boti ya Nkwashi. Mvuvi mwenye boti akavuka kutoka Kilwa kuagiza nyingine, na sharti lake lilikuwa moja tu: “Munichoree nkwashi ileile. Bila ile, bamama hawatajua ni miye.” Nikachora tai ambaye sikuwahi kuchora tena mfano wake. Siku ya kushusha boti nikaoga, nikavaa shati la kanisani, nikajisogeza mbele. Wakamwita Chola.

“Kapitao, juu ya nini si miye?” nikauliza.

“Chola anatumika kazi. Weye unachezaka na rangi.”

Nilirudi nyumbani, chakula kikanishinda.

Nilistaafu mikono ilipoanza kutetemeka na mstari ukakataa kunyooka. Chola alikuwa ameacha kazi kabla yangu, lakini wavuvi, kwa kushika desturi, waliendelea kumpelekea samaki wa kwanza wa kila boti mpya. Siku moja binti yake alikuja kwangu na sahani iliyofunikwa.

“Tata anasema ukule. Anasema mwaka yote alitengeneza mabwato, hakuna hata moja batu baliita Chola. Banaitaka Nkwashi, banaitaka Ngwena, ule mamba yako, sawa vile ulichora. Anasema alikuwaka na wivu juu yako.”

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kumbe tumekaa karakana moja maisha yetu yote, kila mmoja akimtolea mwenzake macho! Nikamwambia binti amshukuru baba yake sana. Nikaketi, nikanawa mikono, nikafunua sahani.

Makobo alikuwa mnono, amepikwa kwa nyanya. Kichwa Chola alikuwa amebaki nacho.