Nyuti katika Banda la Shangazi

Nyumbani kwetu Hayes, London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, wanyama wangu wanaitwa mijusi, na mimi nakataa. Si mtu wa maneno mengi. Kazini, kwenye ghala tunakopanga trei za chakula cha abiria wa ndege, naweza kumaliza zamu nzima nimesema "ndiyo" na "asante" tu. Lakini hili nalisema mpaka watu wanachoka: hawa si mijusi. Waingereza huwaita nyuti. Umbo ni la mjusi kweli, mkia na miguu minne, ila ngozi yao haina magamba, vidole havina kucha, na maisha yao huanza majini kama viluwiluwi vya chura.

Walikuwa wa jirani yetu, mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu. Alikuwa na kidimbwi nyuma ya ua. Mjukuu wake alipoanza kutembea, wanawe wakaamua kidimbwi kifukiwe kabla mtoto hajatumbukia. Siku hiyo nilikuwa naanika nguo aliponichungulia juu ya ua.

"Wewe, unasikia Kiswahili?"

"Nasikia."

"Basi kuja. Lakini usicheke yangu, hii ni ya Kisumu."

Alikuwa na ndoo. Ndani yake mlikuwa na nyuti wachache, madume wenye madoa na tumbo la rangi ya chungwa, majike wenye rangi ya udongo. Aliniambia hawa ni wale wadogo wa kawaida. Wangekuwa wale wakubwa weusi wenye ngozi ya vipele, yeye mwenyewe asingethubutu kuwagusa, maana hao hata kuwashika bila kibali ni kosa.

"Hawa ni wa hapa hapa, si wa duka," alisema. "Hapana uza, sheria iko. Na hapana peleka kidimbwi ya mtu mwingine, wanabeba ugonjwa. Utaweka wewe, ama niite mtu?"

"Nitaweka," nikasema, kabla sijamuuliza mtu yeyote.

Nyumba ni ya Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenipokea nilipotoka Pemba. Nilipomwomba banda la bustani kwa ajili ya wanyama wa majini wa yule mzee, hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Ilimradi wasinikaribie jikoni," alisema.

Basi wakakaa bandani, kwenye tangi kubwa la kioo, upande usiopigwa na jua. Nyuti hawapendi joto. Watu wengi hudhani kila mnyama wa tangi anataka taa na hita. Huyu ukimpasha moto unamuua. Maji yao nakinga ya mvua kwenye pipa. Kukikauka nachukua ya bomba, nayaacha kwanza kwenye ndoo wazi na kutia dawa ya kuondoa klorini. Nusu ya tangi ni maji na majani, nusu ni nchi kavu yenye kuvumwani, magome na vigae vya chungu wanamojificha. Chakula chao ni nyungunyungu wadogo ninaowachimbua bustanini, na wale wadudu wadogo wa majini wanaorukaruka. Mkate hawali, wala nyama ya jikoni. Siwalishi kila siku, na kinachobaki nakitoa kabla hakijaoza. Nawapelekea mnyoo kwa kibano, nautikisa kidogo. Nyuti huutazama muda mrefu kama mtu anayesoma bei, kisha anaudaka mara moja. Nilipenda kwamba wao pia hawana haraka.

Kiangazi kikaja. Hapo nyuti hutoka majini wakaishi nchi kavu, ngozi ikakauka na kuwa kama kitambaa cha mahameli. Hapo pia ndipo wanapofanana na mjusi zaidi.

Kwetu Pemba mjusi kafiri, yule wa ukutani, haachwi akapita. Tulifundishwa chuo cha Kurani kuwa kumuua kuna thawabu, na anayemuua kwa pigo la kwanza anapata zaidi. Shangazi amekaa London miaka mingi bila kumwona hata mmoja, maana baridi hii hawaiwezi. Nadhani alikuwa na hamu.

Jumapili moja binti yake, mtoto wa shule, alimwonyesha rafiki yake tangi na kusahau kurudisha mfuniko. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni akimenya muhogo. Mimi nilikuwa nachota maji pipani. Nikasikia, "Bismillahi," nikageuka, na kubadhi la ngozi lilikuwa limeshamtoka mguuni, liko mkononi mwake. Chini, juu ya tofali, nyuti mmoja alikuwa anatembea zake polepole.

Nilijitupa nikamfunika kwa kiganja. Kubadhi likashuka juu ya mkono wangu.

"Toa mkono," alisema Shangazi.

"Sitoi."

"Mjusi kafiri huyo."

"Mjusi kafiri angekuwa ameshafika Heathrow. Huyu hata kubadhi hajaliona."

"Unanifundisha dini, wewe?"

"Dini sikufundishi, Shangazi. Nakwambia mnyama."

Mtoto wake akasema kitu kwa Kiingereza, kwamba mama yake ni katili. "Nyamaza," Shangazi akamjibu. "Ukitaka kunitukana nitukane kwa Kiswahili." Kisha akanigeukia. "Toa mkono nimalize."

"Kama ni kupiga, piga tena hapo hapo juu ya mkono."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Vidole vilikuwa vinawaka moto, lakini mkono haukutoka. Shangazi alibaki ameinua kubadhi, ananitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Nikamwinua nyuti taratibu. Kwa bahati kiganja kilikuwa bado kimelowa, kwa sababu mkono mkavu huwaumiza ngozi. "Tazama," nikasema. "Kucha ziko wapi? Magamba yako wapi? Tumbo hili umeliona kwa mjusi gani?"

Akainama. Hakumgusa. Alimwangalia sana, mpaka kisu cha muhogo kikamtoka pajani.

"Ngozi kama ya chura," alisema.

"Ni jamaa yake chura."

 Alijua kama ninavyojua mimi: chura dini imetukataza kumuua. Akaliangalia kubadhi, akalivaa.

"Hajawa chura kwa kuwa umesema wewe," alisema. "Nitamuuliza sheikh."

"Muulize. Na akisema ni mjusi, nitakwenda kumwonyesha mwenyewe."

Mimi, ambaye msikitini nakaa safu ya nyuma kabisa ili nisisalimiwe.

Sheikh alisema nini, sijaambiwa, na sikuuliza. Ijumaa iliyofuata nilikuwa bandani na kibano mkononi, vidole bado vimevimba, nikaona mtu amesimama mlangoni.

"Wanakula nini?" Shangazi aliuliza.

"Nyungunyungu."

"Kila siku?"

"Hapana. Wakinenepa sana wanaugua."

Akatazama mkono wangu, akatazama tangi. "Mimi sijasema nimewakubali."

"Sikuomba uwakubali, Shangazi. Naomba ufunge mlango, joto linaingia."

Akaufunga, yeye akiwa upande wa ndani.