Omba kwa Ulimi Wako

Siku niliyoitwa kuhojiwa na chuo cha sheria cha kanisa naikumbuka vyema, mwanangu. Nilikuwa msichana wa Kisauni, Mwislamu, na haja yangu ilikuwa moja tu, kuwa wakili. Vyuo vingine vyote vilikuwa vimeninyamazia.

Ami yangu wa Magongo, Mungu amrehemu, alikuja na akili zake. "Wale huanza kwa sala, na humwambia mgeni aongoze. Vua huo mtandio, uombe kama waombavyo, upite." Nikamsikiza. Nikaishika sala ya kanisani, nikawa naikariri jikoni huku nakuna nazi, hata nyanya akanisikia.

Nyanya alikuwa akisomesha madrasa, na maneno laini hakuwa nayo.

"Hebu njoo hapa."

"Abee, nyanya."

"Wataka kutetea haki za watu, nawe waanza kwa kuwadanganya watakaokufunza? Sala ya watu si ya kuchezewa. Na yako ina aibu gani? Mkataa kwao mtumwa!"

Basi nikaenda na mtandio wangu. Kweli, padri aliyekaa katikati akaniomba nifungue kwa sala. Niliogopa, sikufichi. Nikainua mikono, nikasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kwa sauti mpaka mwisho. Mwenzake akaniuliza kama sikuwa nimekosea mlango.

"La, baba," nikamjibu. "Dini ninayo. Nimekuja kutafuta sheria."

Mwaka huo hawakunichukua. Ami alinicheka mpaka akakohoa. Lakini papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mwaka uliofuata nikaomba tena, nikaitwa tena. Yule padri wa katikati aliponiona akatabasamu. "Umerudi?"

"Nimerudi, baba. Na nikikosa, nitarudi."

Wakanichukua.

Sasa nawe, mwanangu, waomba nafasi katika chuo cha dini isiyo yako, na najua wapo wanaokunong'oneza ubadili jina, ufiche alama ya dini yako. Usithubutu! Waheshimu wenyeji, simama wakisimama, nyamaza wakiomba, ila yako usiikane. Wakikukataa, na wakukatae wewe mwenyewe, si mtu uliyemwigiza. Nenda. Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na wakikufungia mlango, akupe miguu ya kurudi kubisha.