Tangazo la mashine zote kuzima mwaka 2000: mwandishi nilikuwa mimi, aliyeacha shule ni Doto

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu salama?

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka inapita nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naondoka bila kuacha hata comment. Hata kwenye kikao cha ukoo huwa nakaa karibu na mlango. Ila leo nimekasirika mpaka aibu imenitoka. Nitakayoandika ni ya kweli, na mengine yananichafua mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kuyapamba.

Kilichonichokoza ni hiki.

Wiki iliyopita kwenye group la familia, binamu yangu mmoja, mtu mzima, mwalimu kabisa, katuma ujumbe kwamba Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka jioni kuna mionzi inapita karibu na dunia, kila mtu azime simu asije akadhurika. "Wanasayansi wamethibitisha." Dada yetu ana mume amelazwa hospitali. Akazima simu. Wauguzi wakamtafuta kutwa nzima aje asaini mgonjwa aingizwe chumba cha upasuaji. Mgonjwa amepona, namshukuru Mungu, lakini hiyo si kazi ya binamu, ni kazi ya Mungu.

Nikamuuliza binamu source yake ni ipi. Akajibu: "Nimeforward kama nilivyopokea."

Wakuu, hiyo sentensi naijua. Niliwahi kuisema mimi, kabla hizi simu hazijafika kwetu.

Turudi 1999. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, kijiji kimoja mwendo wa baiskeli kutoka Kagongwa. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mimi nilikuwa msichana wa kuinamisha kichwa. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, mkono haunyanyuki. Yote niliyoshindwa kuyasema nilikuwa nayaandika kwenye daftari, kila jioni. Hayo madaftari ninayo mpaka leo, ndiyo yananisaidia kukumbuka.

Kitu kimoja nilichojulikana nacho ni mwandiko. Barua za posa, barua za kwenda kwa wanaume waliokuwa machimboni, maombi ya ruhusa, vyote vililetwa kwetu. "Mpelekeni yule mtoto wa fundi, anaandika kama kitabu."

Sasa kijijini kulikuwa na mashine moja ya kusaga, ya Baba Masele. Injini ya dizeli, mkanda mrefu wa mpira, inawashwa kwa kuzungusha hendeli, na ukizembea hendeli inakuvunja mkono. Mwaka huo kijiji cha jirani kikapata mashine mpya, inayokoboa vizuri zaidi, na akina mama wakaanza kuhama. Baba Masele akawa anakaa pale kwenye benchi lake anapiga soga na injini imezimwa.

Siku moja akaja nyumbani na gazeti alilotoka nalo Shinyanga mjini. Nililisoma mwenyewe, neno kwa neno. Lilieleza kwamba kompyuta nyingi zimetengenezwa kuhesabu mwaka kwa tarakimu mbili, kwa hiyo ikifika mwaka 2000 zinaweza kuchanganya, na wataalamu wanazirekebisha. Basi. Halikusema zaidi ya hapo. Wala halikugusa injini ya dizeli.

Baba Masele akataka nimwandikie tangazo. Nikaanza vizuri: "Kwa mujibu wa gazeti, kompyuta..." Akanizuia.

"Kompyuta nani anaijua hapa? Andika mashine. Mashine zote duniani."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba gazeti halijasema hivyo. Akacheka, akaniuliza kwani kompyuta si mashine? Halafu akatoa kwenye mfuko wake kaunta buku mpya, nene, jalada gumu, akaiweka mezani mbele yangu.

Nitakuwa mkweli. Daftari langu lilikuwa limebaki kurasa nne.

Nikaandika. Kwa herufi kubwa, zilizonyooka, na rula. Kwamba ifikapo tarehe mosi Januari mwaka 2000 mashine zote duniani zitazima, za kusaga, za kusukuma maji, magari, redio, na hakuna ajuaye zitawaka lini. Wananchi wawahi kusaga nafaka zao. "Imetangazwa gazetini." Hayo maneno mawili ya mwisho niliyaongeza mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu niliona yanapendeza pale chini.

Kwenda Kahama kutoa kopi nilitumwa mimi, na baiskeli ya baba. Mzee Karimu, mwenye duka la vifaa vya shule pale mjini, alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa na mashine ya fotokopi. Akaipokea karatasi, akaisoma, akavua miwani.

"Binti, mashine ya kusaga haina kalenda. Itajuaje kama mwaka umeisha?"

Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Akashusha pumzi, akasema yeye kazi yake ni kutoa kopi, wanaosoma watajijua. Akatoa kopi. Zikiwa bado za moto nikaziweka kwenye mkoba wa shule.

Naomba niweke kituo hapa kidogo, maana damu inachemka. Yule mzee alijua. Mimi nilijua. Baba Masele alijua kuliko wote. Watu watatu, wote tunajua ni uongo, na kila mmoja ana kazi yake ndogo tu: mimi naandika tu, huyu anatoa kopi tu, yule anabandika tu. Halafu mnaniambia tatizo ni teknolojia? Mnaniambia tatizo ni watu wa vijijini hawajasoma? Waliosoma ndio tuliokuwa tunaandika!

Tuendelee.

Karatasi zilibandikwa kwenye mti wa gulioni, ofisi ya kijiji, kisimani, mpaka njia ya Isaka. Ndani ya wiki moja foleni ya mashine ikawa ndefu kuliko ya msiba. Akina mama wanakuja na mikokoteni ya ng'ombe, gunia juu ya gunia. Na utani kama kawaida ya Wasukuma: mmoja anasema kama kila kinachonguruma kitazima basi na mume wake azime, maana anakoroma; mwenzake anamjibu wa kwako ananguruma, wa kwangu alishazima tangu mwaka jana.

Kwa msiojua mambo ya nafaka: mahindi ya punje yakiwekwa vizuri kwenye kihenge, lile ghala la fito, yanakaa mpaka mavuno mengine. Unga haukai. Na kwetu tunapenda sembe: unalowesha mahindi kidogo, unakoboa, unaanika yakauke kabisa, ndipo unasaga. Ule ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, jua la kuanikia hakuna. Lakini nani asubiri jua na dunia inazima? Watu wakasaga mahindi yakiwa mabichi mabichi.

Sasa nimfikie Mama Kulwa.

Alikuwa mjane. Mumewe alifukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu, upande wa Bugarama, mapacha wake Kulwa na Doto wakiwa darasa la sita. Kulwa alikwenda kuchunga kwa mjomba. Doto alibaki, akafaulu, tukawa dawati moja sekondari. Yule binti alikuwa na mdomo! Mimi nikikosa sauti yeye anasema kwa niaba yangu. "Mwalimu, huyu anajua, ila amemezwa na aibu, msubiri atapikwe."

Mama Kulwa alikuwa na magunia saba. Ndiyo yaliyokuwa yote: chakula, na mawili ya kuuza yamsomeshe Doto. Siku aliyokuja mashineni nilikuwepo, nimeleta debe letu la wiki. Akaacha foleni, akanifuata pembeni, akaongea taratibu watu wasisikie.

"Ng'wana wane, mwanangu, wewe unasoma magazeti. Ni kweli haya?"

Yaani nilikuwa na nafasi. Mtu kaja mwenyewe, kaniuliza mimi, kwa upole, tuko wawili. Baba Masele alikuwa hatua chache anapima debe, ananitazama.

Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Ndivyo walivyoandika, mama."

Walivyoandika! Wao! Wakati wino ulikuwa bado uko kwenye kidole changu.

Akasaga yote saba.

Daftari langu la siku hiyo, ile kaunta buku mpya, ukurasa wa kwanza kabisa, lina mistari miwili: "Mama Doto ameniuliza. Nimemjibu vibaya." Halafu nimechora maua pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sijui nilidhani maua yatasaidia nini.

Kabla ya Krismasi unga ulianza kuharibika. Kwanza harufu, halafu mabonge, halafu rangi ya kijani kwenye kona za gunia. Watu walichekecha, wakaanika ndani ya nyumba, wakachanganya na udaga wa muhogo. Waliokuwa na ng'ombe waliuza mmoja wakanunua mahindi mengine. Mama Kulwa hakuwa na ng'ombe. Alimwaga magunia matano shimoni, nyuma ya nyumba, na Doto akimsaidia kubeba. Hata kuku walikatazwa kusogea.

Asubuhi ya mwaka mpya tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani, nikasikia injini ya Baba Masele inanguruma kama siku zote. Nikapita pale makusudi. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anasaga, debe moja tu, la nyumbani kwake. Nyuma ya nyumba kihenge chake kilikuwa kimejaa mahindi ya punje mpaka kwenye paa. Hakuwa amesaga hata kisado cha akiba. Akaniona ninaangalia. Akanitakia heri ya mwaka mpya.

Shule ilipofunguliwa, nusu ya dawati langu ilikuwa tupu. Nikakaa siku tatu nikijidanganya kwamba anaumwa. Siku ya nne nikaenda kwao.

Mama Kulwa alikuwa anachambua michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaniambia Doto amekwenda Kharumwa kwa shangazi yake, anapikia wachimbaji, atarudi hali ikikaa sawa. Nikapiga magoti palepale, nikasema yote. Tangazo niliandika mimi. Gazeti halikusema vile. Nilipewa daftari.

Nilitegemea anipige. Nadhani nilitaka anipige.

Hakuacha kuchambua.

"Masanja ninamjua tangu tukiwa watoto," akasema. Ndilo jina la Baba Masele. "Karatasi ya Masanja nisingeisagia hata debe. Ndiyo maana nilikuja nikakuuliza wewe."

Basi. Akanifungia michembe kwenye kitambaa nimpelekee mama.

Jumapili yake nikaandika tangazo jingine, kwa mwandiko uleule na rula ileile, kwamba la kwanza lilikuwa la uongo, aliyeliandika ni mimi, na jina langu na la baba yangu chini. Nikalibandika kwenye mlango wa mashine. Baba Masele alilichana kabla ya mchana. Nikaandika mengine kwa mkono, moja moja, kila siku baada ya shule. Baba alinichapa kwa kumtia aibu, halafu kesho yake akaninunulia gundi. Waliosoma walikuwa wachache. Lile la kwanza lilikuwa limefika mpaka Isaka. Langu halikuvuka kisima.

Doto hakurudi shule. Hali haikukaa sawa. Sasa ana kibanda chake cha chakula hukohuko, ana watoto wanne, mdomo wake bado upo. Tukikutana tunacheka vizuri tu. Mwanawe wa kwanza alipofeli hesabu aliniita nimfundishe, na yule mtoto akaniuliza mbele ya mama yake kwa nini mama hakumaliza shule. Nilimwambia. Doto akaendelea kukaanga samaki.

Kwa hiyo wakuu, mkiniambia eti huku mitandaoni habari za teknolojia zimekuwa nyingi, mtu hajui lipi la kweli, mimi sikubali. Mara nyingi tunajua. Au tuna shaka, na shaka yenyewe tunaijua. Tunatuma hivyohivyo kwa sababu kukaa kimya ni kugumu na kubonyeza ni rahisi, na kwa sababu kuna "wanasayansi" au "gazeti" wa kubeba lawama. Binamu yangu nilimwambia hayo kwenye group mbele ya ukoo mzima. Admin ni shangazi, kaniondoa. Nimekaa nje siku ya sita leo na sijutii.

Nilichojifunza ni hiki: yule anayepokea ujumbe wako hamjui mwanasayansi yeyote. Anakujua wewe.

Uwanja wenu. Mnaotaka kunisema nisemeni, nimeshazoea kuinamisha kichwa, ila safari hii nitajibu. Ninachowaomba tu, kabla hujaandika la kwangu, niambie la kwako: mara ya mwisho mtu alipokuuliza "hii ni kweli?", ulimjibu nini?