Amefuta sauti ya mke wangu, na nyumba yake najenga mimi

Mke wangu alikufa. Figo.

Admin nifiche jina. Nina miaka 46, niko Songea, ni saidia fundi, kazi yangu kuchanganya zege. Shule niliishia la nne.

Kwa kuwa kusoma kunanisumbua, mke wangu alikuwa ananitumia sauti wasapu. Wiki mbili alizolazwa hospitali ya Peramiho alituma kila siku. "Baba Neema, umekula? Usibebe mifuko miwili, mgongo wako sio wa punda." Ya mwisho ilikuwa ya dakika tatu. Alifariki kabla sijaifungua. Nikasema tutaisikiliza siku ya arobaini, mimi na Neema.

Arobaini ikafika. Nagusa, wasapu inajifunga yenyewe. Nagusa tena, inajifunga. Neema analia. Kesho yake nikapeleka simu kwa fundi simu sokoni. Nikamwambia, "Kijana, humo kuna sauti za marehemu, uwe makini."

"Simu imejaa tu mzee, dakika moja." Akabonyeza bonyeza. "Tayari, nyepesi kama mpya."

Nafungua, tupu. Kafuta zote na hakuniuliza. Namuuliza zimeenda wapi, anacheka na wenzake. "Mzee, oa mwingine akutumie nyingine."

Sikumpiga. Niliondoka.

Wiki iliyopita nikapata kibarua cha kujenga nyumba, mtaa wa Bombambili. Mwenye nyumba kaja kukagua, ni yule yule fundi simu! Hakunijua, uso wote simenti. Anatuambia, "Wazee wangu, nguzo ziwe ngumu. Mke wangu ana mimba, chumba hiki atalala yeye na mtoto."

Zege la nguzo ni mfuko mmoja wa simenti, ndoo nne za mchanga, sita za kokoto. Leo, nguzo ya kona ya chumba hicho, nimeweka mchanga ndoo nane, zege hilo halishiki. Fundi wetu wa ujenzi alikuwa anakula. Hakuna aliyeona. Nimesikia raha, siwadanganyi.

Jioni Neema kaniuliza, "Baba, kazini vipi?" Nikamuuliza kama amekula.

Nikisema, nguzo inabomolewa na mimi nafukuzwa. Nikinyamaza, inakauka hivyo hivyo. Mtoto wake hajanikosea, najua. Na wangu alimkosea nini?

Ingekuwa nyinyi mngefanyaje? Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa kanisani. Zimebaki nguzo tatu.

Kesho narudi kazini.